Yusufu Alihesabu Nafaka

Maandiko ya somo: Mwanzo 41:25-49; Mhubiri 11:2; Yakobo 4:13-15

Mchungaji ameniomba niandike somo la wafanyabiashara wiki hii. Nimeona nianze na aibu yangu mwenyewe, maana wengi wenu wa Changamwe mliiona kwa macho.

Mwaka 2019 nilikuwa na hoteli ndogo karibu na yadi za malori. Meza nane. Wateja wangu karibu wote walikuwa madereva na utingo wao, watu wanaokula vizuri na kulipa bila maneno. Mwaka huohuo nikakopa shilingi 80,000 kwenye chama chetu cha akina mama, nikaongeza banda la pili na kununua friji. Nilipoulizwa nikajibu, "Bwana amenifungulia mlango." Sikujiuliza hata siku moja hayo malori yatakuja mpaka lini.

Na habari haikuwa siri. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Juni 2017, ikaanza kubeba mizigo Januari 2018. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo inayoingia bandarini kwenda bara ipande treni. Watu wakaandamana hapa Mombasa, na baadaye agizo likasimamishwa. Redio ilisema hayo asubuhi na jioni. Mimi niliendelea kupika sufuria ileile. Silaumu treni, wala silaumu mtu. Mwenye kusikia nilikuwa mimi.

Wateja walipopungua nilifunga siku tatu. Naamini Mungu alinisikia, lakini wali ulibaki kila jioni. Friji ikauzwa. Binti aliyekuwa akinisaidia nikamwambia asirudi Jumatatu. Na dada mmoja wa chama, ambaye zamu yake ilikuwa Januari na alikuwa na mtoto wa kuingia kidato cha kwanza, akapokea nusu ya pesa zake kwa sababu yangu. Hakunisema. Aliniamkia kanisani kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko friji.

Ndipo nikasoma tena habari za Yusufu, safari hii kama mfanyabiashara. Zamani nilikuwa napigia makofi ndoto tu. Ng'ombe wanono, ng'ombe waliokonda, haleluya. Lakini ndoto inaisha haraka, na baada yake kuna kazi ya miaka saba. Yusufu, kijana wa miaka 30, anazunguka nchi yote ya Misri. Anatenga sehemu moja ya tano ya mavuno. Anaweka maghala katika kila mji, na nafaka ya mashamba ya jirani inakaa katika mji huohuo. Hebu fikiria hapo: hakujaza ghala moja kubwa mjini kwa Farao, kisha asubiri njaa ifike ndipo aanze kutafuta punda wa kusafirisha. Tena walikuwa wakihesabu, mpaka nafaka ikazidi hesabu. Mungu alitoa habari. Kuhesabu akawaachia watu.

(Sura ya 47, pale wenye njaa wanapotoa mifugo na mashamba yao ili wapate chakula, siipendi sana. Kuweka akiba ni jambo moja, kumkaba mwenye shida ni jingine. Tutalijadili siku nyingine.)

Sasa tuje kwenye chapati. Unaweza kudhani chapati ya Magongo inaanzia Magongo. Sehemu kubwa ya ngano ya Kenya inatoka ng'ambo, inashukia Kilindini. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, unga ulipanda hapa kwetu. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje, karibu wiki nne. Mwaka uliotangulia meli moja, Ever Given, ilikwama mfereji wa Suez siku sita na dunia nzima ikangoja. Mama muuza chapati hawezi kuzuia hata moja kati ya hayo. Anachoweza ni kujua unga wake utaisha lini.

Mimi hufanya hivi. Natumia kilo sita za maharagwe kwa siku. Nikiagiza, mzigo hunifikia baada ya siku tatu. Basi nikifika kilo 18 ndipo niagize? La, maana gari likiharibika siku moja tu, nimefunga jiko. Naongeza siku mbili za shida, kilo 12. Kwa hiyo zikibaki kilo 30 napiga simu, hata kama gunia linaonekana bado limejaa. Nina muuzaji Kongowea na mwingine mtaani, ingawa wa mtaani ni ghali kidogo. Na wateja pia nimewagawa: mafundi wa gereji, walimu, watu wa kuchukua chakula nyumbani. Mhubiri anashauri tugawe fungu mara saba au hata nane kwa kuwa hatujui baya gani litakuja. Mimi nilikuwa na fungu moja.

Ndugu mmoja aliniambia hesabu hizi ni kukosa imani, akanifungulia Yakobo 4. Tukaisoma pamoja. Yakobo anawakemea wanaojisifu kwamba kesho ni mali yao. Lakini ukiendelea mstari wa 15, mtu akishasema Bwana akipenda, bado anataja jambo atakalofanya. Wengine wetu huishia kwenye "Mungu akipenda", tukakaa kitako.

Deni la chama nililimaliza baada ya miaka miwili. Septemba 2022 serikali mpya ilipotangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa, majirani walinishauri nirudishe lile banda la pili. Nimekaa nikiwahesabu wanaokula kwangu. Banda bado sijalijenga.

Alhamisi jioni, kwenye ushirika wa wafanyabiashara, kila mmoja aje na daftari la mauzo na matumizi ya siku saba, hata kama limejaa madeni ya wateja. Asiye na daftari aje na karatasi. Kalamu ninazo.