Sharti na Jibu Lake: Vishazi vya Masharti vya Kiswahili katika Usanidi wa Seva za Wavuti

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofundishwa vishazi vya masharti, mifano anayopewa huwa ni ile ile ya miaka yote: mvua ikinyesha tutapanda, ningekuwa na fedha ningenunua gari. Mifano hiyo ni sahihi, lakini haimwonyeshi hasara inayotokea sharti linapoandikwa vibaya. Makala haya yanaingia katika uwanja ambamo hasara hiyo huonekana waziwazi, nao ni usanidi wa seva za wavuti. Seva ni programu inayopokea maombi ya wasomaji wa tovuti na kuwapelekea kurasa. Faili la usanidi ndilo linaloieleza seva ni nani apewe ukurasa gani, na kwa sharti gani. Mashine haina busara ya kukisia alichokusudia mwandishi; hutii kilichoandikwa.

Mifano yetu inatoka pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale. Wageni wanaolala katika hoteli za Diani husafiri hadi Shimoni, wakapanda mashua kwenda Wasini na katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Katika hifadhi hiyo raia, wakaazi na wageni kutoka nje hawatozwi ada sawa, na hoteli nyingi za pwani nazo zina bei ya wenyeji na bei ya wageni. Hivyo basi, swali la ni nani anayetimiza sharti gani ni swali la fedha na la haki.

Hoja yetu ni kwamba sharti ambalo halijanyooka katika Kiswahili haliwezi kunyooka katika seva, na kwamba lugha yetu ina vyombo vya kutosha vya kulinyoosha.

2.0 Vyombo vya masharti katika Kiswahili

Sentensi ya masharti ina sehemu mbili: sharti, ambalo ni kishazi tegemezi, na jibu la sharti, ambalo ni kishazi huru. Vyombo vinavyojenga sharti ni hivi:

(a) Kiambishi -ki-, na kikanushi chake -sipo-: akilipa ataingia; asipolipa hataingia.
(b) Viambishi -nge- na -ngali-, pamoja na vikanushi -singe- na -singali-.
(c) Viunganishi kama vile ikiwa, iwapo, endapo, kama na lau.
(d) Maneno ya kutenga, kama vile isipokuwa na ila.

Kiambishi -ki- kinastahili kutazamwa zaidi. Katika sentensi “Mgeni akifika, mpe maji”, hatuambiwi kama kufika kwa mgeni ni jambo la shaka au ni jambo la wakati tu. Iwapo na endapo huondoa utata huo kwa kuegemea upande wa shaka. Hata hivyo, kwa kazi ya seva utata wa -ki- si kasoro. Amri ya usanidi huandikwa mara moja, kisha hupimwa upya kila ombi linapoingia. Ombi moja hutimiza sharti na jingine halitimizi. -ki- hubeba maana zote mbili kwa pamoja: kila ombi likifika, na likiwa na sifa hii, lifanyiwe hivi.

Wenyeji wa Kwale hawatashangazwa na jambo hili. Mdigo wa Msambweni husema ichikala pale Mswahili asemapo ikiwa.

3.0 Sharti katika faili la usanidi

Seva ya Apache ilianza kutumika mwaka 1995. Katika toleo lake la 2.4, lililotolewa mwaka 2012, iliongezewa semi za masharti zinazoandikwa kwa maneno If, ElseIf na Else. Tukiyasoma kwa Kiswahili, tunapata muundo huu: ikiwa sharti la kwanza limetimia, fanya hivi, la sivyo, ikiwa la pili limetimia, fanya vile, vinginevyo, fanya hivi vingine. Alama za seva hiyo zinazolingana na na, au na si ni &&, || na !.

Kabla ya toleo hilo, masharti mengi yaliandikwa katika sehemu ya Apache inayogeuza anwani za kurasa. Njia hiyo ingali inatumika, na ina kanuni moja inayofaa kuangaliwa na mwanasarufi: masharti mawili yakiandikwa moja chini ya jingine bila kiungo, seva huyasoma kama yaliyounganishwa kwa na. Anayetaka au ni lazima aitaje. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Tazama:

(1) Mgeni akifika Shimoni, akalipa ada, akapewa stakabadhi, ataruhusiwa kupanda mashua.

Sentensi hii haina na hata moja. Sharti la kwanza limebeba -ki-, na yanayofuata yamebeba -ka-, lakini kila msikilizaji anaelewa kwamba yote matatu hayana budi kutimia. Likikosekana moja, jibu halipatikani. Nasi pia tukitaka hiari hatuna budi kuitaja: ama alipe hapa, ama aonyeshe stakabadhi.

Seva nyingine, nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na Mrusi Igor Sysoev, ina ubahili zaidi. Amri yake ya if haina “vinginevyo”, wala haiunganishi masharti kwa na au kwa au, na nyaraka za seva hiyo zimewaonya watumiaji wake wawe waangalifu nayo.

4.0 Ukanushi unaishia wapi?

Tuchukue tangazo la kubuni, ila la aina inayofahamika pwani nzima:

(2) Mtu asiye raia au mkaazi atalipa ada ya wageni.

Msomaji wa kawaida hulipita tangazo hili bila wasiwasi. Anayelisanidi hana budi kusimama, kwa sababu halisemi ukanushi wa asiye unaishia wapi. Tuwapitishe watu wanne mbele yake:

Wa kwanza ni mvuvi wa Vanga, raia na mkaazi.
Wa pili ni kijana wa Msambweni anayefanya kazi Muscat, raia asiye mkaazi.
Wa tatu ni daktari mgeni anayeishi na kufanya kazi Msambweni, mkaazi asiye raia.
Wa nne ni mtalii kutoka Ujerumani, asiye raia wala mkaazi.

Tangazo hilo lina fasiri tatu:

(2a) Si (raia au mkaazi). Ukanushi umefunika maneno yote mawili. Anayelipa ada ya wageni ni wa nne peke yake.

(2b) (Si raia) au mkaazi. Ukanushi umeishia kwenye neno la kwanza. Wanaolipa ni wa kwanza, wa tatu na wa nne. Mvuvi wa Vanga anatozwa kwa kuwa ni mkaazi. Anayesamehewa ni kijana wa Muscat peke yake.

(2c) (Si raia) au (si mkaazi). Kila neno limekanushwa mbali. Wanaolipa ni wa pili, wa tatu na wa nne.

Binadamu huikataa fasiri ya (2b) mara moja kwa sababu anajua dunia ilivyo. Seva haiijui dunia. Mtu akihamisha maneno ya tangazo neno kwa neno, akaweka alama ya ukanushi mbele ya neno la kwanza bila mabano, atakuwa ameandika (2b) hasa, kwa kuwa alama hiyo hushika kilicho karibu nayo kabla ya au. Mvuvi atatozwa kama mgeni katika bahari aliyozaliwa kando yake, na hakuna atakayeona kosa katika maandishi.

Kiswahili kinayo dawa ya jambo hili, nayo ni wala:

(3) Mtu asiye raia wala mkaazi atalipa ada ya wageni.

Wala hurithi ukanushi uliotangulia na kuupeleka mbele, kwa hiyo (3) haiwezi kusomeka ila kama (2a). Kazi ambayo mashine huifanya kwa mabano, Kiswahili hukifanyia kiunganishi kimoja. Njia nyingine ni kugeuza sentensi iwe ya kukubali, kisha kutenga: Kila mtu atalipa ada ya wageni isipokuwa raia na wakaazi. Hapa napo pana funzo: baada ya isipokuwa tumesema na, ilhali maana ni kwamba anayetimiza moja tu anasamehewa. Na ya kuorodhesha watu si na ya kuunganisha masharti. Anayesanidi ataiandika kwa alama ya au.

5.0 Kinachoonekana na kisichoonekana

Hata sharti lililonyooka halitoshi ikiwa linauliza jambo lisilojulikana kwa anayeulizwa. Seva haioni uraia. Inachoona ni yale yaliyomo katika ombi: anwani ya mtandao lilikotoka, lugha iliyochaguliwa katika kivinjari, ukurasa unaotakiwa, na saa. Msanidi akiamua kwamba anwani ya Kenya ni dalili ya uraia, mtalii aliyeketi katika hoteli ya Diani atapewa bei ya mwenyeji, na kijana wa Msambweni aliyeko Muscat atahesabiwa kuwa mgeni. Lililo sawa ni kumuuliza msomaji mwenyewe katika fomu, kisha kuhakiki kitambulisho chake langoni.

Saa nayo ina mtego wake. Tuseme ukurasa wa kuagizia mashua unatakiwa kuwa wazi kabla ya saa mbili asubuhi tu. Seva huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo sharti litaandikwa kwa 8. Atakayeandika 2 atakuwa ameufunga saa nane usiku. Zaidi ya hayo, Kenya iko saa 3 mbele ya saa za Greenwich. Seva inayofuata saa za Greenwich itauacha ukurasa huo wazi hadi saa tano asubuhi ya Shimoni, mashua zikiwa zimekwisha kwenda.

6.0 Nafasi ya -nge- na -ngali-

Faili la usanidi halina nafasi ya -nge- wala -ngali-, kwa kuwa seva hupima lililopo. Viambishi hivi vina kazi yake baada ya kosa kutokea, katika taarifa ya uchunguzi:

(4) Sharti lingaliandikwa kwa wala, mvuvi asingalitozwa.
(5) Seva ingefuata saa za Nairobi, ukurasa ungefungwa kwa wakati.

Katika (4) jambo limekwisha kupita na halirekebishiki. Katika (5) marekebisho bado yanawezekana. Wasemaji wengi hawatofautishi tena viambishi hivi, lakini katika taarifa ya aina hii tofauti hiyo humwambia msomaji kama arudishe fedha za watu au arekebishe mashine.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba na iliyonyamaziwa, ukanushi usio na mpaka, na saa isiyo na mahali ni matatizo ya lugha kabla ya kuwa matatizo ya kompyuta. Tunapendekeza kila sharti liandikwe kwanza kwa Kiswahili sanifu, lipitishiwe watu wa kila hali kama tulivyofanya katika sehemu ya 4.0, ndipo lihamishiwe katika seva. Kazi hiyo inamhitaji mwanasarufi sawasawa na inavyomhitaji fundi.

Zoezi

1. Eleza fasiri zote za sentensi hii: Asiyelipa au kujiandikisha hataruhusiwa kupanda mashua.
2. Iandike upya mara mbili, kwa kutumia wala na kwa kutumia isipokuwa.
3. Chagua tangazo moja lenye sharti katika mazingira ya chuo chako, kisha ulipitishie watu wanne wa hali tofauti.