KUTU HAIFICHWI KWA RANGI
Namna ya Kuchomelea Bati la Gari la Zamani

Volkswagen Beetle, lile gari dogo lenye mgongo kama wa kobe, lajulikana sana katika Kenya. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Na lilipokoma kutengenezwa huko Mexico mwaka 2003, magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha kutoka viwandani. Hata leo wako watu wanaoyatafuta yaliyochakaa ili yafanywe kama mapya, na kazi hiyo huwapa mafundi riziki. Lakini gari lipendezalo kwa nje huenda limeoza ndani, na aliyenunua rangi nzuri huenda amenunua hatari.

Mahali Kutu Ijifichapo

Sakafu ya Beetle ni ya bati, nayo ina mhimili katikati; bodi hukazwa juu yake kwa bolti. Chini ya kila mlango pana kizingiti cha bati chenye uwazi ndani, ambacho hupitisha hewa ya moto itokayo kwenye injini. Kizingiti hicho ndicho pia kinachoipa bodi nguvu. Maji na matope yakiingia humo hayatoki upesi, na kutu hula bati toka ndani. Tena betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi ikimwagika huitoboa sakafu.

Fundi asiye mwaminifu hujaza tundu kwa puti, akalisugua kwa msasa na kupaka rangi. Puti haiwezi kubeba uzito wowote. Siku gari litakapogongwa, kizingiti hukunjika na walio ndani huumia. Kuitambua hila hiyo si vigumu: sumaku iliyofungwa kitambaa hushika penye chuma, lakini penye puti nene huanguka.

Kabla ya Kukata

Kwanza, betri na viti viondolewe. Pili, tangi la petroli lifunguliwe na kupelekwa mbali. Mtu asidhani kwamba tangi tupu ni salama, maana mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka kwa cheche moja tu. Tatu, ndoo ya mchanga na kizima-moto viwe karibu. Fundi avae kinyago chenye kioo cheusi, na watoto wafukuzwe wasije wakautazama mwanga. Nne, bati la kuezekea nyumba lisitumiwe, kwa kuwa limepakwa zinki, na mafusho yake humletea mchomeleaji homa.

Tano, na jambo hili husahauliwa na wengi: kabla kizingiti hakijakatwa, vipande vya chuma vichomelewe toka nguzo moja ya mlango hata nguzo ya pili ili kuitegemeza bodi, na nafasi iliyozunguka mlango ipimwe na kuandikwa. Asiyefanya hivyo bodi yake hupinda kidogo kidogo, wala hatatambua mpaka kazi imekwisha na mlango unakataa kufunga.

Kukata na Kuunganisha

Kutu yote ikatwe mpaka chuma kizima kinachong'aa. Bati lililoliwa likawa jembamba halishiki moto, hutoboka tu. Kisha kiraka kipimwe kwa karatasi ngumu, kikatwe katika bati lenye unene sawa na lile la kwanza, yaani kama milimita 0.8 hadi 1, na pembe zake ziviringwe.

Mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, yenye waya wa milimita 0.6, ndiyo ifaayo hapa. Fimbo nene za umeme zitumikazo kwa mageti ni kali mno kwa bati hili.

Sasa subira yahitajiwa. Chuma kikipata moto hurefuka: urefu wa mita moja ukiongezewa joto la digrii 100 huongezeka zaidi ya milimita moja. Kwa kuwa bati limezuiliwa pande zote, halina pa kwenda, basi huumuka na kujikunja. Kwa hiyo fundi asichore mstari mmoja mrefu wa moto. Na atie nukta moja upande huu, nyingine upande wa pili, kisha angoje mpaka bati liweze kuguswa kwa mkono. Halafu atie nukta katikati ya zile za kwanza, na kuendelea hivyo mpaka zikutane. Haraka haraka haina baraka.

Mwisho, maungio yasuguliwe kwa uangalifu yasiwe membamba, sehemu iliyoumuka inyoshwe kwa nyundo na kipande cha chuma kilichoshikwa upande wa nyuma, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Ndani ya kizingiti inyunyizwe nta, kwa maana bati jipya lisilokingwa huoza kama la kwanza.

Mwenye gari naye ana wajibu wake: aende akaikague kazi wakati chuma kiko wazi, kabla rangi haijapakwa. Fundi mwema atafurahi kuonyesha maungio yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua.