Mfungwa na Mahabusu Si Kitu Kimoja
Si kila aliye katika magereza ya Kitale na Bungoma amehukumiwa. Mfungwa amepatikana na hatia. Mahabusu angali anasubiri kesi yake. Kote nchini, mahabusu ni sehemu kubwa ya walio gerezani. Wanawake hawafiki mmoja kati ya kila kumi.

Baadhi hubaki rumande kwa kukosa pesa za dhamana, huku shamba na watoto wakiwangoja. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito. Masharti yakimlemea, anaweza kuiomba mahakama iyapunguze. Kwa kosa la faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, hapaswi kuwekwa rumande.