SOMO LA UFUNDI: KUTOBOA TUNDU SAFI KATIKA BAMBA LA CHUMA



Tuseme sanduku la swichi za mashine ya kusaga limeoza kwa kutu. Fundi umeme amekuagiza utengeneze kifuniko kipya chenye matundu mawili: moja la kitufe cha kuwashia, moja la kitufe cha kuzimia. Bamba lipo, keekee ipo. Kazi ndogo, sivyo?

Si ndogo. Tundu lililotobolewa ovyo hubaki na ukingo mkali kama wembe. Mashine ikitetemeka, ukingo unasugua waya mpaka ganda lake linakatika. Hapo umeme unaingia katika bamba zima. Mama aliyeleta mahindi yake akigusa sanduku, anaweza kufa.

Haya basi, tufanye hivi:

1. Pima shingo ya kitufe, siyo uso wake. Vitufe vingi vya mashine hutaka tundu la milimita 22 hivi. Chora duara kwa bikari.

2. Weka ncha ya msumari mgumu katikati ya duara, upige kwa nyundo mara moja. Kishimo hicho kitazuia keekee isiteleze.

3. Laza bamba juu ya ubao, ulibane kwa jiliwa. Usilishike kwa mkono! Keekee inapotokea upande wa pili hunasa bamba jembamba na kulizungusha. Bamba linalozunguka linakata vidole. Ubao nao unazuia tundu lisichanike.

4. Vaa miwani ya kazi. Usivae glavu, na funga vizuri nguo zinazoning'inia, maana keekee huzivuta.

5. Anza na ncha ya milimita 3, kisha ya milimita 6. Ukianza na ncha nene, tundu halitakuwa la mviringo. Litakuwa na pembe tatu. Tia tone la oili. Zungusha polepole, na karibu na kupenya punguza nguvu.

6. Sasa panua tundu. Kama unayo ncha ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, itumie. Kama huna, toboa vitundu vingi vidogo ndani ya mstari wa duara, vikaribiane. Kata katikati yake kwa tindo, kisha malizia kwa tupa ya nusu duara. Itachukua muda, lakini tundu litatoka safi.

7. Sugua ukingo kwa tupa, mbele na nyuma. Watu wengi husahau nyuma, na huko ndiko waya zinakopita.

8. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye ukingo. Usitumie kidole. Nyuzi zikinasa, kazi bado, rudia tupa.

9. Ondoa chembe zote za chuma kwa brashi, kisha paka rangi ukingo usishike kutu.

Toboa kabla vitufe na waya havijafungwa, kwa sababu chembe za chuma zikiingia kwenye swichi huleta shoti. Kazi ya kufunga waya mwachie fundi umeme.

MASWALI

1. Kwa nini tunaanza na ncha nyembamba?
2. Ubao chini ya bamba unasaidia nini?
3. Utajuaje kwamba ukingo umekuwa laini?
4. Nenda kwenye mashine ya kijijini kwenu, muulize mwendeshaji: sanduku la swichi liko salama?