Mtoto Anapokataa Kula

Somo letu safari hii ni juu ya mtoto mdogo ambaye akiona bakuli hugeuza uso, hufumba mdomo au hutema. Wazazi wengi wa Nkunga hushangaa: ndizi zipo, maharage yapo, maziwa yapo, parachichi zinaanguka zenyewe chini ya mti, na mtoto bado anakonda. Jambo hili haliko Rungwe tu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa; na Iringa, mkoa unaolisha wengine, ni zaidi ya nusu. Basi chakula kuwamo ghalani ni jambo moja, na kuingia tumboni mwa mtoto ni jambo jingine.

Kwanza tuseme wazi habari ya kulisha kwa nguvu. Twaijua desturi ya kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kummiminia uji kwa kiganja. Mama hafanyi hivyo kwa ukatili. Ana hofu, tena shamba linamngoja. Lakini mtoto aliyebanwa pua hupumua kwa mdomo, na uji waweza kuingia mapafuni, ukamletea nimonia, au ukamkaba hata akafa. Hata akisalimika, amejifunza kwamba bakuli likija, mateso yanakuja. Kesho atalia kabla hujamkaribia. Watu husema ni mkaidi, kumbe amefundishwa kuogopa chakula.

Tutafute sababu kabla ya kugombeza. Huenda ana homa, minyoo, au vidonda mdomoni. Huenda ameshiba chai. Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya chai twaipenda, wala hatusemi wakubwa waiache. Ila kikombe cha chai ya rangi humjaza mtoto bila kumjenga, tena huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Sasa namna ya kumzoeza. Mpeni sahani yake mwenyewe. Katika sinia moja na kaka zake, mtoto mwenye kula polepole hubaki na mabaki, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mkae mkamtazame usoni, mzungumze naye, baba naye akiwapo. Mtoto hujifunza kula kwa kuwaona wakubwa wakila chakula kile kile. Chakula kipya kiwe kidogo sana, mfano wa ncha ya kijiko, kando ya kile anachokipenda. Akikikataa, kiondolewe bila kelele, na kesho kutwa kiletwe tena. Wataalamu wameona kwamba mtoto huhitaji kuonja kitu mara nane, kumi, au hata zaidi, ndipo akubali. Wengi wetu huchoka mara ya tatu! Aachwe ashike ndizi kwa mikono yake iliyonawishwa, hata akijipaka. Baada ya nusu saa hivi, ondoeni vyombo. Asiahidiwe pipi wala kutishiwa daktari.

Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi ni maji matupu. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilihimiza kimea: ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha unga huo, kikitiwa katika uji mzito uliopikwa, huulainisha bila kuongeza maji. Kisha uchemshwe tena. Hivyo vijiko vichache hubeba nguvu nyingi.

Lakini mtoto anayekohoa au kupaliwa kila amezapo, anayetapika kila kitu, aliyevimba miguu, au ambaye mstari wa kadi yake ya kliniki unashuka, huyo si wa kuzoezwa nyumbani tu. Apelekwe zahanati upesi, wala wasingoje siku ya kliniki.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi: Nyumbani kwenu ni nani humlisha mtoto mama akiwa shambani, naye amefundishwa na nani? Ni chakula gani ambacho mtoto wenu amekikataa, na mlimpa mara ngapi? Akina baba wajibu kwanza.