Zipu Iliyoshonwa Ndani ya Seli

"Shikamoo dada. Naomba kuuliza, lakini si mbele ya darasa."

Ilikuwa baada ya kipindi, katika shule moja hapa Makandana. Mwanafunzi huyu wa Kidato cha Tatu ana mdogo wake Kyela aliyevimba taya. Mbeya wakasema ni saratani, limfoma ya Burkitt. Mtoto amepata dozi mbili, uvimbe umenywea, ila nywele zote zimepukutika. Bibi kasema basi, asirudi tena, dawa inamuua. "Kweli inaua, dada?"

Ndiyo, inaua. Ila inaua seli zipi? Twende taratibu.

DNA yako ni nyuzi mbili zilizoshikana kama zipu ya jaketi. Seli ikitaka kugawanyika, zipu lazima ifunguke ili kila upande unakiliwe. Dawa moja kubwa ya ugonjwa huu, saiklofosfamidi, ikishabadilishwa na ini hushika herufi G ya uzi mmoja na G ya uzi wa pili, ikazishona pamoja. Jaribu kufungua zipu iliyopigwa mshono katikati. Itafika pale na kukwama. Seli iliyokwama hivyo isipojitengeneza hufa.

Bahati nzuri seli ina mafundi wake. Ni protini za jeni zaidi ya 20 ziitwazo jeni za Fanconi, kwa jina la daktari wa Uswisi aliyeeleza mwaka 1927 habari za ndugu watatu wenye upungufu mkubwa wa damu. Mashine ya kunakili ikikwama, protini moja hutambua mahali penyewe. Nyingine mbili, FANCD2 na FANCI, hutiwa alama na kuita mkasi. Mkasi hukata uzi mmoja wa DNA upande huu na upande ule wa mshono, nao mshono unabaki ukining'inia kwenye uzi wa pili tu. Kimeng'enya cha dharura hunakili kwa kuuruka, hata kama kitakosea kidogo. Na ule uzi uliokatwa? Seli huazima nakala pacha iliyotoka kutengenezwa, ikafuatisha humo. Hapo hufanya kazi BRCA2, ambayo huenda umeisikia kwenye habari za saratani ya matiti.

(Mishono hii haitokani na dawa peke yake. Pombe, hata kimpumu chetu, ikiingia mwilini hugeuka asetaldehidi, nayo hushona DNA.)

Ufundi huo unataka muda, na seli za Burkitt hazina subira: huweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Zinaivamia mishono kabla haijafumuliwa. Mashina ya nywele na uboho wa mifupa nao hugawanyika haraka, ndiyo maana nywele hudondoka na damu hupungua. Lakini uboho una seli zilizopumzika. Hizo hujitengeneza, kisha zinaanza kazi upya. Ndiyo sababu dozi hupangwa kwa kupishana wiki kadhaa, na nywele huota tena.

Sasa hatari iko hapa: seli za saratani zilizosalia nazo zina mafundi walewale. Ukiacha katikati, zinajitengeneza na uvimbe unarudi.

Tiba hii ina historia ya kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari wiki 10 hadi Afrika Kusini, akaona unapatikana zaidi mabondeni kwenye joto na mvua kuliko milimani kwenye baridi. Anayejua kuteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela atamwelewa upesi. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nilimwambia jambo moja zaidi: mtoto akipata homa katikati ya dozi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana askari wa damu wanakuwa wachache.

Dozi ya tatu ilikuwa Jumatatu. Alisema Jumamosi atateremka Kyela kuongea na bibi, kwa Kinyakyusa. Zipu, alisema, bibi anaijua.