Dalili za Vuli na Bustani ya Nyumbani

Huku pwani na kaskazini mashariki ya Tanzania, Oktoba ukaribiapo, wazee wetu hutazama mbingu na miti. Upepo wa kusi ukilegea, joto la usiku likizidi, na miti ya porini ikichipua kabla ya tone la kwanza, husema kuwa vuli i karibu. Nasi hatuyadharau maneno hayo, maana majira ndivyo yageukavyo.

Lakini dalili hazipimi mvua. Miti ya miombo huchipua kwa maji iliyoyaweka shinani na mizizini. Haijui kama mvua itakuwa nyingi au haba. Vuli ya mwaka 1997 ilileta mafuriko. Ya mwaka 2010 ilikuwa haba sana.

Basi tusimalize mbegu kwa mvua ya kwanza. Ikilowesha udongo wa juu tu, mbegu huota, kisha jua huunguza miche, na mbegu hatunazo tena. Yafaa kwanza kuchimba kwa jembe: unyevu ukifika kina cha shibiri moja, tupande nusu ya mchicha na kunde, nusu iwe akiba. Nyanya na bilingani zioteshwe kitaluni penye kivuli. Matuta yatiwe samadi iliyooza, yafunikwe kwa majani makavu.

Tena Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa vuli. Walimu na wakuu wa vijiji wausome barazani, wazee wakiwapo. Dalili zituhimize kutayarisha bustani. Kupanda tungoje udongo ulowe.